Klachi inateleza nikipanda Ntyuka na mzigo: ni pleti, waya au oili? Mafundi wa Dodoma njooni

#1 Kreti Nne
Wakuu salaam. Nina pikipiki ya kichina cc 125, injini ya mtindo wa CG. Niliinunua ikiwa imeshatumika na huu ni mwaka wa tatu ninayo. Kazi yake ni boda mjini, na msimu wa zabibu nabeba kreti kutoka Mvumi kuja mjini kupitia Ntyuka.

Wiki ya pili sasa, nikianza kupanda kilima na mzigo nikiwa gia ya nne, nikivuta resi injini inalia kama inataka kupaa lakini pikipiki yenyewe inakwenda mwendo wa punda. Nikirudisha resi kidogo inashika. Nikiwa mtupu kwenye tambarare haina neno. Ikipata moto ndiyo inazidi.

Nimeshapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza kasema ringi zimeisha, tufungue injini. Wa pili kasema klachi, seti nzima na ufundi 45,000. Wa tatu hakuinuka hata kwenye benchi, kasikiliza mlio tu akasema "gia boksi hiyo, iuze". Hesabu ya bosi sidaiwi, pikipiki ni yangu, lakini ndiyo inayolipa ada za watoto. Kabla sijatoa hela nataka kujua mkweli ni yupi.

#2 Nimekaa Pembeni
Navuta kiti. Mafundi watatu wamekupa majibu matatu, humu utapata kumi na tatu.

#3 Spana Namba Nane
Umeshajijibu mwenyewe mkuu, hujajua tu.

Injini ikikosa nguvu, iwe ringi, valvu, kabureta chafu au eaklina iliyojaa vumbi letu hili, resi haipandi. Unavuta, inajikokota, mlio unakuwa mzito. Yako resi inapanda. Maana yake nguvu ipo, ila inapotelea njiani kabla ya kufika tairi la nyuma. Na njiani hapo hakuna vitu vingi: klachi, gia, sproketi na cheni. Gia ikiruka utasikia kishindo na mguu wako utaupata kwenye pedeli. Cheni ikiruka meno ya sproketi inapiga kra kra kra, kijiwe kizima kitageuka. Klachi ikiteleza haipigi kelele yoyote ya chuma, ni injini tu inapandisha sauti na wewe uko palepale.

Jaribu hivi. Tafuta tambarare isiyo na watu, injini iwe imeshapata moto. Weka gia ya juu kabisa, tembea kama 40, halafu fungua resi yote kwa mkupuo. Sauti ikitangulia na mwendo ukafuata nyuma, ni klachi. Ukishajua, acha. Usirudierudie, kila ikiteleza unaziunguza pleti, zile sahani za msuguano ndani ya klachi.

#4 Blok Mpya
Napinga. Yangu ilikuwa hivihivi, resi inapanda haiendi, tukabadilisha ringi na blok ikapona kabisa. Mpaka leo mwaka wa pili.

#5 Spana Namba Nane
Blok Mpya, wakati mnafungua injini oili mliirudisha ileile?

#6 Blok Mpya
Hapana, tulimwaga tukaweka mpya. Na waya wa klachi tulibadilisha kwa sababu ulikuwa umebakiza nyuzi mbili.

#7 Spana Namba Nane
Basi hujui kilichoiponya.

#8 Blok Mpya
Najua hela niliyotoa. Hiyo inatosha.

#9 Mstaafu wa Kijiwe
Vijana mna haraka ya kufungua kava. Kabla ya spana yoyote, shika mkono wa klachi kwa vidole viwili. Lazima uchezecheze bure kidogo kabla waya haujaanza kuvuta. Hiyo ndiyo plei. Vitabu vya Honda vya pikipiki kama hizi vinataka ncha ya mkono icheze milimita 10 hadi 20. Sisi kijiweni hatukuwa na rula, tulipima kwa sarafu pale mkono unapoingia kwenye kikombe chake.

Plei ikiisha ni sawa na kutembea siku nzima umeikamata klachi nusu. Springi zinataka kuzibana pleti, waya unazikatalia.

Mimi nilibadilisha pleti mara mbili ndani ya miezi mitatu, enzi naegesha Sabasaba. Kila zikiwekwa mpya, wiki ya nne zinateleza. Nikaanza kufikiri nimerogwa, nilikuwa na ugomvi na mtu wa kijiwe cha pili. Akaja mzee mmoja fundi baiskeli, sio pikipiki, baiskeli! Akaugeuza usukani kushoto, akasema ona, waya wako unavutwa ukikata kona. Ulikuwa umepitishwa upande usio wake wa usukani. Akautoa, akaupitisha unapotakiwa, akachukua 1,000 yake.

Kwa hiyo Kreti Nne, angalia plei usukani ukiwa katikati, kisha kushoto, kisha kulia. Halafu shuka chini, kale kamkono kanakotoka kwenye injini, kavute kwa kidole ukaachie. Kanatakiwa kurudi kenyewe. Vumbi likishaingia kwenye ganda la waya unakuwa mzito, unavuta lakini haurudi wote.

#10 Kreti Nne
Mzee wangu shikamoo. Nimetoka nje sasa hivi na tochi ya simu. Plei HAKUNA. Sifuri. Nimekumbuka, dogo anayeniosheaga pikipiki aliniambia mkono umelegea sana, akanikazia hapohapo bure. Nami nikamshukuru.

Nimelegeza, kesho asubuhi naenda Mvumi. Nitaleta majibu.

#11 Nimekaa Pembeni
Kesi imekwisha. Dogo wa kuosha akamatwe.

#12 Mstaafu wa Kijiwe
Marahaba. Mwambie dogo aendelee na sabuni.

#13 Kreti Nne
Mrejesho. Imepungua lakini haijaisha. Mwanzo wa kilima inashika vizuri. Nikifika katikati, imeshapata moto, inaanza tena. Kreti zilikuwa nne na abiria mmoja.

#14 Vumbi la Nkuhungu
Kreti nne NA abiria? Klachi haina kosa hapo, inaomba msaada.

#15 Mama Alizeti
Mbukwenyi majirani. Nawasalimu kutoka Singida.

Mimi si fundi, ni mwenye pikipiki. Nimewapa vijana tatu kwa mkataba. Klachi zimenila hela nyingi kabla sijapata akili. Pikipiki tatu zilitoka siku moja na zinapita barabara moja, lakini moja ilikuwa inamaliza pleti mara tatu zaidi ya wenzake. Nikamwambia yule kijana anipakie twende Manyoni kwa shangazi. Njia nzima nikamtazama mkono wa kushoto. Vidole vyake viwili havikutoka kwenye mkono wa klachi! Analala navyo. Akifika kwenye tuta hapunguzi gia, anaikamata klachi nusu na kuvuta resi mpaka avuke. Kwenye foleni vilevile.

Nilimwambia mwanangu, hizo pleti ni kama soli ya kiatu, wewe unaburuza mguu. Akacheka, lakini niliandika kwenye daftari la hesabu kwamba seti ijayo anajinunulia mwenyewe. Ile iliyofuata ilidumu.

Na nilinunua vernia, kile kipimo cha unene. Fundi akiniambia pleti zimeisha namwambia tupime. Pleti mpya za hizi CG zina kama milimita 3. Ikishuka mpaka 2.6 itupe. Ikiwa 2.9 na fundi anataka kuniuzia seti, najua anatafuta ya jioni.

#16 Vumbi la Nkuhungu
Mama wa Singida ana vernia! Huku Dodoma fundi anapima kwa kuinusa.

#17 Spana Namba Nane
Kunusa usikudharau. Pleti iliyoungua ina harufu yake, na oili ya klachi iliyoungua ukiisugua vidoleni utaijua hata ukiwa usingizini.

Ila Mama Alizeti yuko sahihi, na aongeze moja. Vile vyuma vinavyokaa katikati ya pleti navyo vipimwe. Kilaze chuma juu ya kioo, jaribu kupitisha filageji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.20 chini yake. Ikipita, kimepinda. Na kikiwa na rangi ya bluu kama ekzosi iliyoungua, hicho kilipata moto mkali. Ukiweka pleti mpya juu ya vyuma vya bluu vilivyopinda, umenunua wiki sita tu.

#18 Lita Moja
Watu mmezunguka kote na hakuna aliyeuliza la kwanza. KRETI NNE UNAWEKA OILI GANI?

Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Ya gari imekaa pakavu peke yake. Ndiyo maana oili nzuri ya gari si lazima iwe nzuri kwa pikipiki. Oili nyingi za kisasa za magari ya petroli, zile nyepesi za kubania mafuta, zinatiwa viambato vya kupunguza msuguano. Injini inafurahi. Klachi inaishi kwa msuguano, ukiuondoa unategemea nini kishike?

Wajapani waliliona hili miaka ya mwisho ya 1990 wakaweka kiwango kinaitwa JASO. Nyuma ya chupa tafuta MA au MB. MA ni kwa klachi inayooga oili. Mwaka 2006 wakaigawa, MA1 na MA2, na MA2 ndiyo inayoshika zaidi. MB ni oili mbovu, usiiguse.

#19 Nusu Mhandisi
Umesema vizuri mpaka sentensi ya mwisho. MB si mbovu. Imetengenezwa iwe na msuguano mdogo kwa zile skuta ambazo klachi yake iko pakavu nje ya injini. Kwenye skuta ni sawasawa kabisa. Kwenye CG ndiyo balaa.

#20 Lita Moja
Sawa, nakubali sahihisho. Si mbovu, ni ya jirani.

#21 Baba wa Fuso
Hizo MA sijui MB ni biashara ya kuuza chupa. Nina pikipiki naitilia oili ya Fuso yangu, 15W-40 ya dizeli, miaka sita sasa. Inabeba mahindi Kibaigwa, haijawahi kuteleza hata siku moja. Ninyi mnasoma chupa, mimi natembea.

#22 Nusu Mhandisi
Baba wa Fuso, hilo halipingani na aliyoyasema Lita Moja. Oili nyingi za dizeli za magari makubwa hazitiwi vile viambato vya kulainisha vinavyowekwa kwenye oili nyepesi za magari madogo, ndiyo maana klachi yako inavumilia. Ungeitilia ile nyepesi ya gari ndogo ya petroli ungeimba wimbo mwingine. Ila nisingekushauri ufanye mazoea, kwa sababu...

#23 Baba wa Fuso
Miaka sita mwalimu.

#24 Nusu Mhandisi
Haya mzee.

#25 Kreti Nne
Lita Moja, naweka 20W-50 ya pikipiki, chupa ya lita moja, nanunua duka lilelile siku zote. Nimetazama chupa sasa hivi, nyuma imeandikwa MA.

Lakini kuna kitu sikukisema kwa sababu sikukiona kina maana. Mwezi uliopita injini ilikuwa inagonga kidogo asubuhi. Kijana mmoja mnadani anauza dawa ya oili, kachupa kadogo, anaonyesha na mashine yake ya kuzungusha beringi mbele za watu. Anaipaka dawa, beringi haisimami hata ukiikandamiza. Nikanunua, nikaitia yote. Injini kweli ikanyamaza.

#26 Lita Moja
😂😂😂 Mkuu! Umenunua utelezi kwa hela yako, ukaoneshwa na maonesho kabisa kwamba unateleza, ukautia kwenye klachi, halafu umekuja kuuliza kwa nini inateleza!

#27 Nimekaa Pembeni
Dogo wa kuosha aachiwe kwa dhamana.

#28 Vumbi la Nkuhungu
Mimi nimecheka mpaka abiria kauliza kuna nini. Nikamsimulia, naye kasema anayo hiyo dawa nyumbani.

#29 Mstaafu wa Kijiwe
Msimcheke sana. Tarehe hazikubali. Dawa aliitia mwezi uliopita, kuteleza ni wiki mbili. Dogo alikaza lini?

#30 Kreti Nne
Mzee, dogo alikaza kama wiki tatu zilizopita.

#31 Mstaafu wa Kijiwe
Basi waya ndio ulioanza. Dawa imekuta shughuli inaendelea.

#32 Lita Moja
Au dawa ilianza taratibu, waya ukamalizia. Oili haisafishiki kwa siku moja mzee, inazama ndani ya pleti.

#33 Mshale wa Mbande
Naona hakuna aliyetaja dawa ya bei rahisi kuliko zote. Fungua kava, toa springi, weka washa moja, kile kiringi bapa cha chuma, chini ya kila springi. Springi inabanwa zaidi, klachi inashika kama mpya. Hela ya soda. Nimefanya hivyo pikipiki nyingi tu.

#34 Spana Namba Nane
Na ngapi zimerudi?

Washa inaficha ugonjwa. Springi inabaki na nafasi ndogo ya kujikunja. Ukivuta mkono, inafika mwisho kabla pleti hazijaachana, gia zinaingia kwa kelele. Mkono unakuwa mgumu kama wa pampu ya kisima, waya unakatika. Ukiona springi zimechoka badilisha zote nne, tena kwa pamoja, usichanganye mpya mbili na za zamani mbili, kwa sababu zitabana upande mmoja.

#35 Kigoda cha Kongwa
Nina ushahidi. Mimi nilitiwa washa hapo hapo Mbande, sisemi na nani. Siku ya tatu natoka Kongwa na mama mjamzito nampeleka kliniki, waya ukakatika niko gia ya tatu. Nililazimika kwenda bila klachi mpaka mwisho, kusimama nazima, kuondoka nasukuma kwanza ndipo naingiza gia. Yule mama alikuwa ananiombea kwa sauti. Alijifungua salama jioni ile, mtoto wa kiume.

#36 Mshale wa Mbande
Kigoda si mimi huyo.

#37 Kigoda cha Kongwa
Sijasema ni wewe.

#38 Nimekaa Pembeni
Mtoto kaitwa Washa?

#39 Zuzu Kwetu
Mimi naomba kuuliza hapohapo, fundi wangu alizitoa pleti akaziosha kwa petroli na sabuni ya unga, akazipiga msasa, akarudisha. Zilishika mwezi mzima. Ni sahihi?

#40 Spana Namba Nane
Kama zilikuwa bado nene na shida ni uso wake kung'aa kama kioo, msasa mwepesi unasaidia kwa muda. Kama zimekwisha, umepunguza hata kile kidogo kilichobaki. Petroli sawa, inatoa oili chafu. Ya sabuni ya unga ndiyo kwanza naisikia, labda alikuwa na nguo pia.

Ila kabla ya kurudisha, iwe ya zamani iliyooshwa au mpya kutoka dukani, LAZIMA ulowanishe kwenye oili safi. Mimi naziacha usiku kucha kwenye kopo. Pleti kavu ikianza kazi inaungua kabla oili haijaifikia. Mafundi wengi wa haraka wanaruka hapa, halafu mteja anarudi na "spea feki".

#41 Vumbi la Nkuhungu
Spea feki nazo zipo mkuu, usiwatetee wauza duka.

#42 Spana Namba Nane
Zipo. Nyingine gundi inaachia, unakuta vipande vimeelea kwenye kichujio cha oili. Siku hizi nakwaruza na ukucha kabla ya kulipa. Muuzaji akinuna nahama duka.

#43 Kreti Nne
Nimeamua nifungue mwenyewe Jumapili, shemeji yangu ana boksi spana. Spana Namba Nane nipe utaratibu, nisije nikabakiwa na nati mkononi.

#44 Spana Namba Nane
Nakuandikia, ila usinitumie bili.

Klachi yako iko upande wa kulia, ndani ya kava lenye kiki. Funga koki ya petroli, kisha ilaze pikipiki ubavu wa kushoto, iegemee kwenye kitu laini. Oili yote itahamia upande wa pili na hutamwaga hata tone. Lakini wewe una dawa ndani ya oili, kwa hiyo imwage yote kwanza ikiwa ya moto, ndipo uilaze.

Toa kiki. Toa waya kwenye kamkono. Kisha bolti za kava, ni namba nane, ndiyo jina langu. Bolti hizo hazilingani urefu! Chukua kipande cha boksi, kichore umbo la kava, kila bolti ichomeke mahali pake. Ukilazimisha ndefu kwenye tundu la fupi utapasua injini. Kava likigoma ligonge taratibu kwa mpini wa nyundo, usichokonoe na bisibisi, utakwaruza uso na oili itavuja maisha yako yote.

Ukifika kwenye klachi utaona bolti nne na springi. Zilegeze kwa kupokezana za mkabala, kidogo kidogo, usimalize moja kwanza. Kisha toa nati ya katikati (nyingine zina ringi ya kubana badala yake), bila hiyo pleti hazitoki. Tumia soketi yake yenyewe, PATASI USIIGUSE, wengi wameiharibu nati hiyo kwa patasi. Pleti na vyuma vikitoka, vipange chini kwa mpangilio ule ule uliovitoa na piga picha.

Ukiwa hapo pitisha kidole kwenye meno ya nyumba ya klachi, pale masikio ya pleti yanapokaa. Kama kuna vishimo pleti zinanasa. Vidogo unaweza kuvilainisha kwa tupa, vikubwa nyumba ibadilishwe.

Kurudisha ni kinyume chake. Bolti za springi zikaze kwa mkabala vilevile, na kwa mkono wa kiungwana. Torki yake ni kama Nm 10 hadi 12 tu, vile vinguzo ni vya aluminiamu, ukitumia nguvu za kulimia vinakatika. Gasketi weka mpya. Silikoni acha, au paka kama unaipaka mgonjwa, ikizidi inaingia ndani na kuziba kichujio. Mwisho kabisa rekebisha plei upya, kwa sababu pleti mpya ni nene na kipimo cha jana si cha leo.

#45 Mama Alizeti
Hili nimelichapisha kwenye karatasi. Vijana wangu watalisoma kwa sauti.

#46 Nusu Mhandisi
Nyongeza kwa wasomaji wengine: haya ni ya pikipiki zenye mkono wa klachi. Zile zisizo na mkono, unakanyaga gia tu, zina klachi ya kujishika yenyewe kwa mzunguko, na skrubu yake ya kurekebishia iko kwenye kava. Msizichanganye.

#47 Kreti Nne
Wakuu mrejesho wa Jumapili. Samahani kwa kuchelewa, mikono ilikuwa haishikiki simu.

Tumefungua. Pleti tano. Niliazima vernia kwa jirani: tatu zina 2.7, mbili 2.6. Vyuma viwili vina bluu, na kimoja kwenye kioo kinachezacheza. Springi tulizisimamisha na mpya dukani, za kwangu ni fupi, lakini kidogo sana, shemeji anasema ni macho yangu. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, inavutika kama mlenda.

Nimebadilisha pleti, vyuma, springi, gasketi, waya mpya, oili mpya ya MA2, plei nimepima kwa sarafu. Jumla 38,500 bila ufundi, na soda ya shemeji. Leo nimepanda Ntyuka na kreti nne, gia ya nne, resi yote. HAITELEZI. Imeshika kama gundi. Asanteni sana.

#48 Mstaafu wa Kijiwe
Hongera. Ulikuwa waya.

#49 Lita Moja
Mzee, mwenyewe kasema oili imetoka kama mlenda, bado unasema waya? Hiyo ni dawa ya mnadani.

#50 Mama Alizeti
Pleti 2.6 mwanangu. Hata ungeweka oili ya kupikia ya kwetu zingeteleza.

#51 Spana Namba Nane
Chuma kimepinda. Lakini kilichokipinda ni moto, na moto umetokana na kuteleza, na kuteleza kumetokana na... haya, endeleeni.

#52 Blok Mpya
Namba 7 mliniambia mimi sijui kilichoniponya. Huyu kabadilisha vitu saba siku moja na kila mtu humu anajua kilichomponya. 😂

#53 Nimekaa Pembeni
Blok Mpya kasubiri siku nane kulipiza.

#54 Nusu Mhandisi
Ana hoja lakini. Njia pekee ni kurudisha pleti za zamani na oili mpya, apande Ntyuka, kisha abadilishe kimoja kimoja.

#55 Kreti Nne
Mhandisi uje wewe na kreti zako.

#56 Vumbi la Nkuhungu
Hizo pleti za zamani unauza? Nina mteja wa Chang'ombe.

#57 Kreti Nne
Zuzu Kwetu aje kwanza na sabuni ya unga.

Ila wakuu kuna kitu kimoja kidogo. Toka jana, asubuhi ikiwa baridi, nikiingiza gia ya kwanza inaruka mbele kidogo hata nikiwa nimekamata klachi yote, na neutro inagoma kuingia nikisimama. Ikipata moto inakuwa afadhali. Ni kawaida?

#58 Mstaafu wa Kijiwe
Plei imezidi. Waya huo.

#59 Lita Moja
Oili, 20W-50 asubuhi ya Dodoma inagandisha pleti.

#60 Mama Alizeti
Mlizilowanisha?

#61 Kreti Nne
Shemeji alisema dakika tano zinatosha.